Kwenu nako watu walichanja korona kwa siri?

Binti wa Ujiji

Wakuu, salaam. Nina jambo linanichekesha na kunitatiza kwa pamoja.

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa kupinga chanjo ya korona katika ukoo wetu. Rais Samia alipochomwa Ikulu tarehe 28 Julai 2021 mbele ya kamera, mjomba alisema yale ni maji tu. Mama ana kisukari, akataka kwenda kuchanja, mjomba akamtumia ile video ya balbu inayowaka ikiwekwa begani kwa mtu aliyechanjwa. Mama akaogopa, akaahirisha mpaka mwaka uliofuata.

Sasa ikaja Hija ya 2022. Saudia walifungua mlango kwa mahujaji wa nje, lakini wenye umri chini ya miaka 65 na waliochanjwa tu. Mjomba yumo kwenye orodha. Ukoo mzima tukanyamaza tuone atatokea wapi. Mimi ndiye niliyetumwa kumchapishia makaratasi steshenari, nikafungua cheti: chanjo ya Johnson, Agosti 2021. Yaani wakati sisi tunatumiwa balbu, mwenzetu alishamaliza kazi! Nilipomuuliza alisema afya ya mtu ni siri yake.

Simsuti, ni mjomba wangu na ananipenda. Ila nataka kujua: nyinyi mlichanja wapi, ilikuwaje, na mlimwambia nani? Na kama humu yupo aliyekuwa anashika sindano, aliwaona watu wa namna hii?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu, ingawa hujaniamkia.

Akina mjomba wako niliwachanja mpaka nikawazoea. Mwaka ule nilikuwa bado kazini, zahanati moja upande wa Temeke. Dozi zile za kwanza za Johnson, milioni moja na ushee, zilishuka uwanja wa ndege Dar tarehe 24 Julai, mwanzoni mwa Agosti zikawa vituoni. Tuliopangwa mbele ni sisi wahudumu wa afya, watu wa miaka 50 kwenda juu na wenye magonjwa ya kudumu.

Kabla hujamcheka mjomba, kumbuka tulikotoka. Takwimu zilikoma kutolewa Mei 2020, zikasimama kwenye wagonjwa 509. Baada ya hapo mtu akifa ni nimonia, na kwenye matangazo ya misiba ni "changamoto ya upumuaji". Tuliambiwa tujifukize, na mimi nesi mzima nilijifunika blanketi juu ya sufuria ya mchaichai na mwarobaini. Januari 2021 Rais Magufuli akiwa Chato akasema chanjo hazifai. Februari akaondoka Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba ana korona, na hata hapo watu waliendelea kunong'ona. Machi akaondoka Magufuli mwenyewe. Halafu Agosti ileile mimi nasimama barazani nawaambia watu njooni mchanje. Mtu akiniuliza, "Nesi, kimebadilika nini?" sikuwa na jibu la kumtosha. Aliyekataa hakuwa mjinga, alikuwa ameisikiliza serikali yake vizuri mno. Na mtu aliyekwisha kusema jambo mbele ya watu hawezi kugeuka mbele ya watu walewale, atageukia uchochoroni.

Na uchochoro wenyewe ndio ulikuwa kwangu. Wanawake walikuja wawili wawili, wanacheka, wanaogopa sindano wazi. Wanaume walikuja jioni. Anajifanya anatafuta dawa ya kifua, jicho liko kwenye benchi. Akimwona jirani, anaaga. Baba mmoja alimleta mkewe, akaniambia huyu mgonjwa wangu. Nikamwandaa mama, nikamwambia kunja mkono wa gauni. Mama akaguna: "Mimi nilichanja wiki iliyopita. Mwenye kuchanja ni huyu." Baba akavua koti bila neno.

Tatizo la watu wa siri ni chupa. Chupa ya Johnson ina dozi tano. Ukishaitoboa, una saa sita ikiwa kwenye ubaridi, zikipita unatupa. Kwa hiyo aliyekuja peke yake kwa kunyata nilimwambia akae kwenye benchi tusubiri wafike watano. Hapo ndipo siri zilipokufa. Wanakaa, kila mmoja anausoma ukuta kama vile hajawahi kuliona bango la malaria. Nimeona ustadhi wa madrasa na mzee wa kanisa wa mtaa mmoja wakikutana pale, kila mmoja anamwambia mwenzake amekuja kupima presha. Mkishachomwa mnakaa tena robo saa tuwaangalie, kwa hiyo hata ukitaka kukimbia hukimbii.

Kilichotutesa zaidi ni fomu ya ridhaa. Ilitaka usaini kwamba umekubali kwa hiari yako. Mtaani wakaifasiri: ukifa, usimdai mtu. Watu waliovumilia kusikia habari za utasa na namba ya mnyama, kalamu ndiyo iliyowarudisha nyumbani.

Na tukumbushane lile la ukoo mwingine, maana wengi mmelisahau. Waziri wa Afya wa wakati ule, Dk. Dorothy Gwajima, anasema chanjeni. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe wakati ule, anasema kanisani kwake msichanje. Bibi mmoja aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, tumfuate Gwajima yupi?" Nilimwambia amfuate aliyesomea udaktari. Akasema basi sawa, akasaini.

Binti wa Ujiji

Shikamoo mama, nisamehe, simu iliniondolea adabu. Hilo la ustadhi na mzee wa kanisa nimelisoma kwa sauti hapa nyumbani, mama amecheka mpaka kaweka sufuria chini. Na waliotaka cheti bila kuchomwa, walikuwepo?

Nesi Mstaafu

Walikuwepo, tena wengi wao wafanyabiashara wa safari. Mmoja alinikabidhi fomu ndani yake kuna noti imekunjwa vizuri. Nilimrudishia vyote viwili nikamwambia bega ni bure. Alichomwa, akanuna, akapata cheti chake baada ya mtandao kurudi. Mtandao nao ulikuwa mgonjwa wetu wa kila siku.

Mwalimu wa Kisauni

Huku Mombasa mambo yalikwenda kinyume, dada. Nyinyi mlijificha, sie tulisukumana. Chanjo ilianza Kenya Machi 2021, AstraZeneca, na walimu tulikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Nilichomwa asubuhi, nikafundisha mchana nikijiona shujaa. Usiku, yarabi! Baridi ya kutetemesha meno, na Mombasa ni Machi, watu walala na feni! Mke wangu kanifunika leso zake zote. Alfajiri homa imekatika, limebaki bega tu, zito, siwezi kuandika ubaoni.

Kisa chenyewe kilikuja kwenye dozi ya pili. Tuliambiwa wiki 8. Mara India, ambako zilikuwa zikitengenezwa, wakazuia kuuza nje kwa kuwa nao wanakufa, tukaambiwa ngojeni wiki 12. Dozi ya pili ikawa kama jahazi lililoondoka na kusi, mwajua litarudi ila hamjui lini. Katikati hapo ndipo habari za damu kuganda zikatoka Ulaya. Ndipo na yule daktari wa Nairobi aliyekuwa akisema chanjo haina haja akafa kwa korona, mwisho wa Aprili. Watu wa mabaraza wakakosa pa kusimama: wa chanjo waogopa damu, wasio wa chanjo wamempoteza daktari wao.

Mamangu mzazi hakutaka kabisa. Kisha serikali ikatangaza kwamba ifikapo 21 Desemba asiyechanjwa asihudumiwe kwenye afisi zake. Yeye alikuwa na shauri la hati ya shamba. Kaenda, kachomwa, karudi. Siku si nyingi mahakama kuu ikaisimamisha amri ile. Mpaka leo hamsamehe jaji. Asema kama alikuwa na nia ya kusimamisha, angesimamisha mapema.

Mtoto wa Birere

Miye niko Goma. Kwetu korona haikuwa ya kwanza, ilitukuta tunatoka kwenye Ebola, ile iliyoanza Agosti 2018 kule Beni na Mangina ikaua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ya Ebola wakati ule ilikuwa ya mzunguko: mgonjwa akipatikana, wanachanja waliomgusa na waliowagusa hao. Kwa hiyo ukionekana umechanjwa, avenue nzima inajua nyumba yenu ilikaribia kifo. Watu walificha kwa sababu hiyo, si siasa.

Novemba 2019 ikaja chanjo nyingine ya Ebola, ya Johnson hao hao wenu. Walianzia Majengo na Kahembe, mitaa ya hapa Goma, sindano mbili, siku 56 katikati. Miye nilikuwa na shangazi Majengo nikaenda kuchanjwa kule. Haikupita miaka miwili, tunaambiwa kuna korona, leteni tena mikono. Batu bakasema: "Tena sindano?" Ubaya si ule wa kuamini kwamba ni sumu. Tulikuwa tumechoka. Surua yenyewe ilikuwa inaua watoto wengi kuliko Ebola, na kwa surua hakukuwa na magari meupe wala mishahara.

AstraZeneca milioni 1.7 zilifika Kinshasa Machi 2021, zikakaa, kazi ikaanza tarehe 19 Aprili, na nyingi zikapelekwa nchi zingine zisije zikapitwa na tarehe. Huku 22 Mei mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ukapasuka, tukakimbilia Sake na Gisenyi na magodoro kichwani. Miye nilichomwa baada ya kurudi. Hakuna aliyeniuliza, na sikumficha mtu. Tulikuwa tunatafuta maji.

Sijachanja Nipo

Nimesoma yote. Mimi sikuchanja korona mpaka leo na nipo, ile "Ujanja kuchanja" mliyotuimbia redioni ilinipita pembeni. Mama nesi, na wewe ungekuwa mkweli utuambie dozi ngapi mlizimwaga, maana mwisho mlikuwa mnatufuata mpaka vijiweni kutafuta idadi.

Nesi Mstaafu

Upo, na nafurahi upo. Wapo pia waliochanja wakaugua, niliwaona kwa macho yangu. Kazi kubwa ya sindano ile ilikuwa kukuepusha na mtungi wa oksijeni, haikuahidi kwamba hutapiga chafya. Nani alikwambia vingine alikudanganya.

Vijiweni tulikuja, kweli. Ule mpango harakishi wa kuanzia Septemba ulitutoa zahanati tukaenda masokoni, misikitini, minadani, na shinikizo la idadi lilikuwepo, sikatai. Mimi sikulipenda. Mtu akihisi unamhesabu, anafunga mlango.

Dozi zilimwagwa. Nakupa hii moja ninayoikumbuka. Walikuwa wamekuja watatu, mzee mmoja alikuwa anahema vibaya nikaogopa kumrudisha kusubiri wawili, nikaitoboa chupa. Jioni imefika, dozi mbili zimebaki, karani keshafunga daftari. Nikachukua kiboksi cha baridi nikavuka barabara mpaka kijiwe cha bodaboda. Wakanicheka. Mmoja akasema nimlipe hesabu ya tajiri wake kwanza. Mkubwa wao akapandisha mkono wa shati: "Mimi nabeba wenye kikohozi kutwa mgongoni, piga." Nikampiga. Wa pili akakubali, ila kwanza ampigie mchumba wake. Simu ikaita. Akapiga tena. Nikasimama pale na bomba la sindano tupu mkononi mpaka wenzake wakaanza kumtania, akapandwa na haya, akawasha pikipiki akaenda kumfuata abiria.

Ile ndiyo niliyoimwaga kwa mkono wangu, na naijua kwa sababu nilimsubiri. Nyingine zimo kwenye ripoti ya wilaya, kaulize.