Tupeane uzoefu: kadi ya kusaka zana iliyowahi kukuokoa au kukutia aibu mezani

Mwanamkuki (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Juzi tulikuwa mezani tunacheza Magic, ule mchezo wa kadi, kwa mtindo wa Kamanda (kila deki ina kiumbe wake mkuu), watu wanne. Jamaa akashusha Stoneforge Mystic zamu ya pili. Kiumbe wa mana mbili (mana ndiyo malipo ya kushusha kadi), 1/2, yaani nguvu moja na uimara wa mbili, hana lolote la kutisha. Lakini meza nzima iliguna. Hakuna aliyemtazama yule kiumbe, macho yote yalikuwa kwenye mkono wa jamaa unaoingia kwenye deki.

Nikakumbuka mengi. Nyie mnaocheza, muwe ughaibuni au nyumbani kwa kamera, hebu tupeane uzoefu wa hizi kadi zinazokwenda kwenye deki kuchukua upanga, nyundo, kofia, buti, chochote cha kumvisha kiumbe. Kwa wageni: kadi hizo za kuvisha, yaani zana, zilianza na seti ya Mirrodin mwaka 2003, na humohumo alikuwemo wa kuzisaka, yule paka Taj-Nar Swordsmith. Kwa hiyo kilio hiki kina umri wake.

Yangu ni fupi. Stonehewer Giant. Mana tano, na kila zamu, kwa mana mbili na kuinamishwa (kulazwa upande, ishara kwamba ametumika), analeta zana kutoka kwenye deki na kumvisha kiumbe papo hapo bila kulipia gharama ya kuvisha. Nampenda sana. Ni nadra aishi mpaka zamu yangu inayofuata.

Kigoda
Nakaa hapa na kahawa yangu. Endeleeni.

Fundi Saa
Uzi huu umenigusa pabaya.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi Ujerumani, naosha vyombo mgahawani jioni. Februari ya mwaka huo Ben Stark akashinda Pro Tour Paris, mashindano makubwa ya Magic, na deki ya Caw-Blade: ndege Squadron Hawk, Stoneforge Mystic, mapanga, na Jace, the Mind Sculptor. Nikasema hii ndiyo deki yangu. Pesa ya sahani ikawa inaingia kwenye kadi. Hawk walikuwa rahisi. Mystic nikampata mmojammoja mpaka wakatimia wanne. Jace sitaki hata kumzungumzia, mwanafunzi hakupaswa kumgusa.

Halafu mwezi wa tano ikaja New Phyrexia na Batterskull ndani yake. Wadogo zangu mnaocheza leo hamjui ile hali. Zamu ya pili unashusha Mystic, anakwenda kuchukua Batterskull. Zamu ya tatu unalipa mana mbili tu, na kitu cha mana tano kinatua mezani. Kinakuja na kiumbe chake, 4/4, kinashambulia bila kuinama na kinakuongezea uhai kila kikipiga. Mpinzani ameshika kadi zake za kuzuia, hazina kazi, kwa sababu Batterskull haijachezwa, imewekwa. Akitaka kuivunja, unalipa mana tatu inarudi mkononi. Nilishinda michezo mpaka nikaanza kuona haya.

Tarehe 20 Juni likatoka tangazo. Stoneforge Mystic na Jace wamefungiwa Standard, ule mtindo wa seti mpya tu, kuanzia Julai mosi. Wote wawili kwa mpigo. Nilianza kupokea ujumbe wa pole kana kwamba nimefiwa.

Kichekesho ni kwamba kulikuwa na kasha la deki iliyokwisha kupangwa, War of Attrition, lenye Mystic ndani. Wakasema ukilicheza kama lilivyo, bila kubadilisha kadi hata moja, ruksa. Basi kuna jamaa alikuwa anakuja nalo kila Ijumaa, anamshusha Mystic taratibu, anatutazama mmojammoja.

Modern nayo, mtindo unaoruhusu na seti za zamani, ilipoanzishwa mwaka huohuo, Mystic alikuwa tayari kwenye orodha ya waliofungiwa. Alifunguliwa Agosti 2019. Miaka minane! Na mimi nilikuwa nimeuza wote wanne kulipia tiketi ya kwenda kumzika babu. Tiketi siijutii. Batterskull ndiyo naijutia, maana nilimpa mnunuzi kama nyongeza.

dada_wa_utrecht
Pole kaka. Tuliouza tuko wengi.

mpwa_254
Wasee, mimi niko Nairobi. Sisi tunacheza kwa kamera ya simu na kadi tulizochapisha, maana kuagiza za kweli ni kulipa kadi, usafiri na ushuru. Nikapeleka faili saiba. Jamaa akachapisha ukurasa wa kwanza, akaona Sword of Feast and Famine, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hii ni ya kanisa gani?"

Nilimwambia ni ya vijana.

Sasa siku yenyewe, nacheza Steelshaper's Gift. Mana moja nyeupe, unachukua zana yoyote, unaionyesha, inakaa mkononi. Kitu safi. Nimeinua deki, nimeshaanza kupekua, stima zikapotea. Kurudi hewani baada ya kama nusu saa, wenzangu wanasema hawaamini, nimekaa gizani na deki nzima mkononi. Mmoja akataka nichange upya na nihesabiwe sikupata kitu. Ni kweli sheria inaruhusu mtu akitafuta kitu cha aina fulani kwenye deki aseme hakukiona hata kama kipo. Lakini hiyo ni hiari yangu mimi, si hiari yao!

Bwana Kobe
Kadi za kuchapisha si kadi. Nyie ndio mnaoharibu mchezo. Mtu ana kila upanga kwa bei ya karatasi.

mpwa_254
Mzee, umeombwa uzoefu, hujaombwa hukumu.

dada_wa_utrecht
Kobe naye. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliwi, hilo kila mtu analijua. Hawa wanacheza sebuleni kwao. Wewe inakuuma nini?

Bwana Kobe
Inaniuma pochi.

Bi Minnesota
Acheni ugomvi niwape ya kwetu. Minneapolis, wiki ya Thanksgiving, theluji imejaa mlangoni, hakuna wa kutoka. Tupo wanne mezani: mimi, mume wangu, jirani yetu, na mdogo wangu wa kike ambaye huwa hasemi sana akicheza.

Kamanda wa mume wangu ni Godo, Bandit Warlord. Wanaomjua wameshaanza kucheka. Kwa wasiomjua: mana sita, na akiingia anachukua zana yoyote kwenye deki na kuiweka mezani bure. Na mume wangu anachukua moja tu siku zote, Helm of the Host, ile kofia. Ukiwa na mana tano zaidi unamvisha Godo. Mapigano yakianza, Helm inazaa nakala ya Godo inayoweza kushambulia hapohapo. Godo akishambulia kwa mara ya kwanza katika zamu, anafungua awamu nyingine ya mapigano. Awamu hiyo inazaa nakala nyingine. Hiyo nayo inashambulia, inafungua nyingine. Haina mwisho mpaka watu wafe. Mana kumi na moja, mchezo umekwisha.

Jioni nzima bwana anatutambia. "Nikifika kumi na moja, mkavae viatu." Bata mzinga hajakauka mdomoni, anatutambia. Akafika kumi na moja. Akamshusha Godo kwa kishindo, vikombe vikaruka. Akanyoosha mkono kwenye deki. Mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, subiri."

Mtoto amelia, narudi.

Kigoda
Hapana. HAPANA. Rudi hapa.

Mwanamkuki
Dada, mtoto ana baba, mpe.

Fundi Saa
Mana tatu nyeusi mezani. Najua kinachokuja. Siku haikuwa yake.

dada_wa_utrecht
Usituharibie, kaka!

Kigoda
Wakati tunasubiri, na mimi nitupie yangu. Modern. Zamu ya kwanza jamaa kaweka Ornithopter ya bure na Sigarda's Aid. Zamu ya pili Steelshaper's Gift, kachukua Colossus Hammer, akaishusha kwa mana moja iliyobaki. Ile nyundo kuivisha kwa kawaida ni mana nane. Kwa Sigarda's Aid ikitua tu inajivisha yenyewe, bure. Nikala kumi. Zamu ya tatu nikala kumi nyingine. Nilikuwa bado sijakaa vizuri kwenye kiti.

Bi Minnesota
Nimerudi. Baba yake yuko kazini, Mwanamkuki, tuheshimiane.

Basi. Mdogo wangu akaweka Opposition Agent. Kadi ya mana tatu inayoweza kushuka wakati wowote, hata katikati ya zamu ya mwenzako. Mume wangu wala hakuisoma. Akasema, "Weka chochote, hunizuii." Mdogo wangu akamuuliza tena, "Bado unatafuta, shemeji?" Akajibu, "Natafuta."

Agent akiwa mezani, mpinzani akitafuta kwenye deki yake, mwenye Agent ndiye anayemwendesha. Na kitakachopatikana hakiendi mezani kwa mwenyewe, kinawekwa kando, na mwenye Agent ndiye mwenye ruhusa ya kukicheza, kwa mana ya rangi yoyote.

Akanyoosha mkono, "Naomba deki." Mume wangu akaisoma kadi sasa. Akaisoma mara ya pili. Akampa.

Wenzangu, yule mtoto aliipekua ile deki kadi moja moja. Anaiinua, anaisoma, anauliza, "Na hii ya nini, shemeji?" Lightning Greaves, "Ah, viatu. Hivi ndivyo ulivyosema tukavae?" Jirani alitoka kwenda kucheka jikoni. Mwishowe akaitoa Helm of the Host, akaiweka mbele yake, akachanga deki vizuri na kumrudishia kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama.

Zamu yake ikafika, akaishusha Helm kwa mana nne. Iliyofuata akamvisha Gray Merchant of Asphodel. Kila mapigano nakala mpya, na kila nakala ikiingia inatunyonya uhai sote watatu. Hata mimi dada yake hakunihurumia.

Sasa tatizo. Ndiye mume wangu aliyekuwa amrudishe kwake kwa gari. Mdogo wangu amevaa koti, amesimama mlangoni. Bwana akamwambia, "Kofia si unayo? Ikupeleke."

Kigoda
Nimecheka mpaka mke ameamka.

mpwa_254
"Kofia ikupeleke" 😂😂 Naipeleka kwa kundi letu hiyo.

Jibwa Koko
Hii chai. Mtu anayecheza Godo asiijue Opposition Agent? Ipo tangu 2020.

Bi Minnesota
Njoo umuulize mwenyewe. Mpaka leo akisikia jina hilo anaondoka sebuleni.

Bwana Kobe
Chai au si chai, kosa ni la mumeo. Godo halazimiki kutafuta. Kadi inasema *anaweza* kutafuta. Ukimwona Agent ametua, unasema sitafuti, unabaki na Godo wako na deki yako, unangoja mtu amuue Agent.

Jibwa Koko
Na Agent mwenyewe lazima aingie kabla uwezo wa Godo haujaanza kutekelezwa. Kama bwana alishaishika deki, binti amechelewa. Hapo ningemwita mwamuzi.

Bi Minnesota
Nimeandika alinyoosha mkono. Sijaandika aliishika. Na mwamuzi umwite kutoka wapi, kwenye theluji?

Fundi Saa
Binti yuko sahihi kwa kila kitu. Aliuliza mara mbili. Mahakama imefungwa.

Zungu la Unga
Samahani wakuu, naona kesi imekwisha. Mimi mgeni, nina deki ya bluu, sina nyeupe kabisa. Nasakaje zana? Na niweke ngapi?

dada_wa_utrecht
Karibu. Bluu wana wachawi wao, wanasaka vitu vya aina ya artifakti, na zana zimo humo. Angalia gharama ya kitu unachotaka. Trinket Mage anachukua cha mana moja au chini, kwa hiyo Skullclamp, Shadowspear. Tribute Mage mana mbili kamili, Umezawa's Jitte. Trophy Mage tatu kamili, yaani yale mapanga yote ya Sword of hiki na kile. Treasure Mage sita kwenda juu, Kaldra Compleat ni saba. Zana weka tano au sita.

Fundi Saa
Tano nyingi mno. Mbili. Wasakaji wengi, zana chache. Ukiweka zana tano utazivuta mkononi zote na hutakuwa na kiumbe wa kumvisha.

Kigoda
Weka nyundo tu.

Jibwa Koko
Aongeze nyeupe aweke Enlightened Tutor, mana moja, anachukua zana yoyote.

dada_wa_utrecht
Anachukua, lakini anaiweka juu ya deki, si mkononi. Jirani akikusagia kadi moja ya juu, zana yako iko kaburini na meza nzima imeshaiona. Nimetendwa hivyo, sitaki tena.

mpwa_254
Urza's Saga basi. Ni ardhi, kadi ya kutoa mana, inaingia deki ya rangi yoyote, sura ya tatu inaleta artifakti ya mana sifuri au moja moja kwa moja mezani. Wengi hawazuii ardhi.

Mwanamkuki
Na ukikaa na watu waliochoka kusakiwa, jiandae. Leonin Arbiter anataka ulipe mbili ndipo upekue. Aven Mindcensor anakuruhusu kadi nne za juu tu. Mimi Mindcensor alinikuta nimeshamtumia Stonehewer, nikatazama kadi nne: ardhi, ardhi, ardhi, na ya nne nayo ilikuwa ardhi.

Zungu la Unga
Kwa hiyo niweke ngapi?

Kigoda
Nyundo. Moja.

Bwana Kobe
Jamani, kuna mwenye Opposition Agent anauza? Naulizia rafiki.

mpwa_254
Njoo saiba, mzee. Tunachapisha na rangi.