Delamere wa Kenya: ng'ombe na siasa vilikutana wapi?

Kijana wa Pongwe:
Shikamooni wakubwa. Nasomea mifugo hapa Tanga. Darasani tumeambiwa Lord Delamere, yule mlowezi wa Kiingereza, ndiye baba wa ufugaji wa kisasa Kenya, na tena alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mfugaji anaingiaje kwenye siasa kiasi hicho?

Mzee wa Josho:
Marahaba mwanangu. Nimekuwa afisa mifugo Handeni hadi kustaafu, na hiyo sifa ya "baba" inaniuma. Mwaka 1903 serikali ya Kiingereza ilimkodisha ekari 100,000 kule Njoro. Akaagiza kondoo wa merino toka New Zealand, wakamfia. Majani yalivutia, lakini ardhi ile ina upungufu wa madini, kobalti hasa. Wamasai waliipita tu na mifugo yao. Hakuwauliza!

Ng'ombe nao wakapigwa na homa ya mapafu, halafu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ndigana naijua kwa vidole: unapapasa chini ya sikio la ndama, unakuta tezi imetuna kama limau, mwili unachoma. Ukichelewa, anahema kwa shida na povu linamtoka puani. Akalima ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Akaweka rehani hadi mali yake ya Uingereza. Nafuu aliipata kwenye shamba lake jingine, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, akichungiwa na Wamasai.

Bint Chumbageni:
Mzee, hapo Soysambu ndipo siasa ilipo. Lile ni bonde la Wamasai. Mkataba wa 1904 kati yao na Waingereza uliwatoa Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, ili walowezi wapate malisho. Baraza lilipoanza 1907 Delamere akakaa humo, akawa msemaji mkuu wa walowezi hadi alipofariki 1931.

Kijana wa Pongwe:
Kumbe! Na Wamasai walikubali tu?

Mzee wa Josho:
Wapi! Mkataba ule wa 1904 ulisema Laikipia ni yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 ukaletwa mwingine, wakaswagwa kusini na mifugo yao. Wakaenda mahakamani, kesi ya Ole Njogo. Mwaka 1913 ikatupwa: eti ile ni mikataba baina ya dola na dola, mahakama haina mamlaka nayo. Yaani kwa kunyang'anywa walikuwa raia, kwa kudai haki wakawa wageni. Ukiandika insha yako kuhusu Delamere, kesi hiyo iweke ukurasa wa kwanza.