Baba mwenye kiharusi anaruhusiwa: tuulize nini kabla ya kutoka wodini?

Swali: Ndugu zangu, baba yetu ataruhusiwa wiki hii, ingawa bado amepooza upande wa kulia na huongea kwa shida. Tuwaulize nini wauguzi?

Jibu: Pole sana, dada. Ombeni orodha moja ya dawa zote, na muwaonyeshe hata zile alizotumia zamani, kwa sababu dawa ileile ya shinikizo la damu huuzwa kwa majina tofauti, na mgonjwa anaweza kumezeshwa dozi mbili bila mtu yeyote kutambua. Kisha atakayemhudumia amweleze muuguzi, kwa maneno yake mwenyewe, alichoelewa. Kuitikia tu hakutoshi.

Jibu: Naunga mkono. Ulizeni pia kama umezaji wake umepimwa, kwani chakula kikipita njia ya hewa huweza kuleta nimonia. Mlisheni akiwa ameketi wima. Asipoweza kujigeuza, ageuzwe takriban kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda.

Jibu: Tafadhali msimwachie mama peke yake kazi hii, pangeni zamu kabla baba hajafika nyumbani.