Mkataba wa kazi Lilongwe: gharama za maisha kwa mgeni zikoje, na mshahara niuombe kwa fedha gani?

Mhandisi wa Iringa aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimepewa mkataba wa miaka miwili na shirika moja linaloshughulika na miradi ya maji mjini Lilongwe, nchini Malawi. Mwajiri ameniachia uamuzi mmoja ambao unanisumbua: ama nilipwe kwa kwacha, yaani fedha ya Malawi, kiasi ambacho kwa hesabu ya haraka ni kikubwa kuliko ninachopata hapa nyumbani, ama nilipwe kwa dola, lakini kiasi hicho cha dola kikibadilishwa kwa bei ya benki kinapungua kwa karibu robo ya kile cha kwacha. Nitahamia na mke wangu na watoto wawili, mmoja wao akiwa darasa la tatu. Nimepitia tovuti zinazolinganisha gharama za miji, lakini zinapingana kiasi kwamba moja inaufanya Lilongwe kuwa mji wa bei nafuu kabisa na nyingine inauweka karibu na Nairobi. Naomba wenye uzoefu wanieleze ukweli ulivyo, hasa kuhusu nyumba, shule, usafiri na chakula.

Mkazi wa Area 47 alijibu:

Ndugu Mhandisi, karibu Malawi. Tovuti hizo zinapingana kwa sababu inayoeleweka: nyingi hubadilisha kwacha kuwa dola kwa bei rasmi ya benki, wakati bei ya mitaani iko mbali sana na hiyo. Kabla ya kuuliza nyanya ni kiasi gani, jiulize ni mambo gani katika maisha yako yatapangiwa bei kwa dola na yapi yatabaki katika kwacha, kwa maana Malawi ya mgeni ni nchi mbili za bei zilizokaa ndani ya mji mmoja.

Nianze na fedha yenyewe. Mwezi Mei 2022 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikashusha tena, dola moja ikatoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa usiku mmoja. Chukua mtu aliyekuwa akilipwa kwacha 1,180,000 kwa mwezi: siku moja alikuwa na dola 1,000, siku iliyofuata alikuwa na dola 694, bila barua yoyote ya kumpunguzia mshahara. Mfumuko wa bei nao haukumsubiri, kwani wastani wake kwa mwaka 2024 ulipita asilimia 30. Kwa hiyo ile robo unayoiona kama faida upande wa kwacha inaweza kuliwa yote kabla mkataba haujafika nusu yake. Ningekuwa mimi, ningechukua dola bila kusitasita.

Kuhusu nyumba, Lilongwe imegawanywa katika maeneo yenye namba, yaani Area 3, Area 10, Area 43 na kadhalika, na namba hizo hazifuatani kwenye ramani, hivyo usitegemee namba kukuonyesha ujirani. Katika Area 10, 11, 12 na 43, ambako wamejaa wanadiplomasia na mashirika ya kimataifa, wenye nyumba hutaja kodi kwa dola, na nyumba ya vyumba vitatu yenye uzio na banda la mlinzi huanzia dola elfu moja hivi na kuendelea juu. Ukija Area 47, 49 au 18, utapata nyumba nzuri ya kuishi na familia ambayo kodi yake ni ya kwacha, ingawa mwenye nyumba ataomba malipo ya miezi mitatu au zaidi kwa mkupuo na ataweka kipengele cha kuipandisha kila mwaka. Kipengele hicho kisome mara mbili kabla ya kutia saini.

Chakula cha soko la Lizulu hakitakuumiza. Viazi vya Dedza, maharage, karanga, mboga na usipa (dagaa) wa Ziwa Nyasa vinapatikana, na ladha si ngeni kwetu. Mahindi ndiyo yenye msimu wake: baada ya mavuno ya Aprili na Mei bei hushuka, na kati ya Desemba na Februari hupanda hadi kuwa habari ya kila redio, kwa hiyo wenyeji wenye uwezo hununua magunia mapema na kuyahifadhi. Kinachoumiza ni kikapu cha dukani: jibini, maziwa ya unga, sabuni nzuri, nafaka za watoto za asubuhi. Vitu hivyo hutoka Afrika Kusini kwa lori, vikipita Msumbiji au Zambia, na kila kwacha inapoyumba bei mpya hubandikwa juu ya ile ya zamani.

Mama Wawili, Blantyre alijibu:

Nakubaliana na Mkazi wa Area 47 kwa mengi, ila nadhani amepita shule na mafuta kimya, na kwa mwenye familia hayo ndiyo makubwa. Mimi ni Mkenya, nafundisha Blantyre. Shule za kimataifa, kama Bishop Mackenzie ya huko Lilongwe au Saint Andrew's ya huku kwetu, zina ada ambayo mzazi anayelipwa mshahara wa ndani hawezi kuimudu, na waajiri wengi wa kigeni hulipa ada hiyo nje ya mshahara. Kama mkataba wako hauna posho ya shule, kaka, rudi mezani leo hii, kwa sababu ada ya watoto wawili inaweza kula tofauti yote mnayobishania ya dola na kwacha. Zipo shule binafsi za kati zinazofuata mtaala wa Malawi na ambazo ada yake ni ya kwacha, na baadhi ni nzuri kweli, lakini mtoto wa darasa la tatu aliyesoma kwa Kiswahili atahitaji mwalimu wa ziada wa Kiingereza kwa miezi ya mwanzo, na huyo naye analipwa.

Mafuta ni hadithi nyingine. Kwa karibu miaka miwili tangu Novemba 2023 lita ya petroli iliuzwa kwacha 2,530, bei iliyopangwa na mamlaka ya nishati, na kwenye karatasi ilikuwa nafuu. Tatizo ni kwamba waagizaji hawakuwa na dola za kutosha kuyaleta, hivyo nafuu hiyo uliilipia kwa foleni. Hapa Blantyre nimeona magari yamepangwa tangu usiku kutoka kituoni hadi kwenye mzunguko wa barabara, madereva wamelala ndani na viatu vimetolewa nje ya mlango, na vijana wenye madumu wanapita dirishani wakiuza kwa bei ya ulanguzi. Oktoba 2025 bei rasmi ilipandishwa hadi kwacha 3,499. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya gari, usizidishe tu lita kwa bei ya kituo. Weka na fungu la siku ambazo kituo ni kikavu.

Umeme nao ni wa kulipia kabla, kama LUKU ya kwenu, na si ghali sana kwa mtu wa mshahara wa kigeni, ila hukatika. Sehemu yake kubwa inatoka mto Shire, na kimbunga Ana cha Januari 2022 kilipobomoa bwawa la Kapichira nchi nzima iliisikia kwa muda mrefu. Wageni wengi wana inveta na betri, au sola. Ulizia kama nyumba inazo tayari, maana kuzinunua huku ni ghali kuliko Dar es Salaam.

Wakala wa Kasumulu alijibu:

Niongeze upande wa usafirishaji, kwa kuwa mizigo ya watu wanaohamia Malawi hupita mikononi mwetu hapa mpakani mwa Tanzania na Malawi. Mhandisi, wewe una bahati ambayo mgeni wa Ulaya hana: unaweza kuvuka kwa barabara kutoka Mbeya, ukapita daraja la Songwe, ukafika Karonga, Mzuzu na hatimaye Lilongwe. Inveta, betri, godoro na vyombo vya jikoni vinunue Tanzania na uvipitishe kama mizigo ya mtu anayehamia, ukiwa na kibali cha kazi na orodha ya vitu hivyo. Bila kibali mkononi, maofisa wa forodha watavihesabu kama bidhaa za biashara. Gari ni jambo la kufikiria zaidi, kwani ushuru wa gari lililotumika huko hutegemea pamoja na mengine umri wake.

Ila msijenge maisha juu ya mpaka kuwa wazi kila siku kwa kila kitu. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza mchele, unga, tangawizi na ndizi, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kabla ya mambo kutulizwa muda mfupi baadaye. Tuliokuwa hapa tuliona malori ya ndizi yakioza juani.

Mhandisi wa Iringa aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimerudi kwa mwajiri kuhusu posho ya shule, naye ameonyesha kulegea. Swali la mwisho: rafiki yangu aliyewahi kukaa Lilongwe anasema nikilipwa dola nisizipeleke benki kabisa, nizibadilishe kwa watu binafsi, kwa kuwa nitapata karibu maradufu. Je, ndivyo wageni wanavyoishi?

Mkazi wa Area 47 alijibu:

Wapo wanaoishi hivyo, na sitakudanganya kwamba tofauti ya bei ni ndogo. Lakini ni kinyume cha sheria, na anayekamatwa hupoteza fedha zake, wakati kwa mgeni kibali cha kazi nacho kinakuwa hatarini. Utaratibu ulio halali na unaofaa ni kumwomba mwajiri akulipe sehemu kubwa ya dola kwenye akaunti yako ya Tanzania moja kwa moja, kodi ya mapato ikiwa imekatwa inavyotakiwa, na sehemu inayotosha matumizi ya mwezi ije Malawi. Dola ikishaingia benki za huku na kugeuzwa kwacha, kuitoa tena kwenda nje ni foleni ya namna yake, kwa kuwa benki zenyewe hazina dola, na unafuu kidogo huja tu wakati soko la tumbaku, zao linaloiletea nchi dola, limefunguliwa, kuanzia Aprili hivi. Na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wenyewe, likitaja tarehe ya malipo na bei ya kubadilishia itakayotumika kwa ile sehemu ya kwacha. Kama shirika litakupa nyumba yao, uliza pia ni nani anayelipia dizeli ya jenereta.