Trekta gani kwa dereva mwenye mguu wa bandia? Ekari 40, Kiryandongo

Shamba_Bweyale
Habari za jioni wandugu. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka mkononi. Tunatafuta trekta la shamba la ekari 40 huku Kiryandongo, mahindi na soya, misimu miwili kwa mwaka. Kazi zake ni plau ya disiki tatu, haro, trela la tani 3, na wakati wa mavuno mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na PTO, yaani ile shafti ya nyuma ya trekta.

Dereva tunaye na kazi anaijua, ila mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti, anavaa wa bandia. Mguu wa kulia mzima, mikono mizima. Mgongo humsumbua akikaa muda mrefu.

Yaliyo mezani ni matatu: MF 375 (Massey Ferguson) iliyotumika, Kubota ya L yenye HST, yaani giaboksi ya haidroliki, ambayo muuzaji anasema "hii haina mambo ya klachi, itamfaa", na jingine la hosipawa 75 lenye leva ya haidroliki ya mbele-nyuma pembeni mwa usukani, bei yake imechangamka. Tuangalie nini? Na klachi ya mkono inaweza kutengenezwa hapa hapa Uganda?

Fundi_Masindi
Ssebo, hosipawa tuiache kwanza, tuhesabu klachi.

Kwenye plau dereva anaingiza gia, anashusha, anakwenda hadi mwisho wa shamba, anainua, anageuka, anashusha tena. Klachi haiguswi. Saa nzima inaweza kupita ameikanyaga mara tano. Kinachomaliza mguu ni kurudi nyuma kunasa trela, kulipanga trela stoo, kusogeza sogeza mashine ya kupukuchua ikae sawa. Hapo ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kila mara klachi. Kaa na dereva mwandike, kwa wiki moja ya msimu, saa ngapi ni za plau na saa ngapi ni za trela. Jibu la trekta gani litatoka kwenye karatasi hiyo.

HST ni tamu kwa kazi ya trela na ya kufyeka, lakini inasukuma magurudumu kwa oili badala ya gia, na sehemu ya nguvu ya injini inaishia kuwa joto. Ukiikokotesha plau kutwa nzima, oili inachemka na mwendo unalegea. Tena plau ya disiki tatu inataka hosipawa 60 hadi 75, na hizo L nyingi ziko chini ya hapo. Jambo jingine ambalo muuzaji hakusema: kwenye baadhi ya matrekta ya HST breki imewekwa upande wa kushoto, kwa kuwa mguu wa kulia uko kwenye pedali ya mwendo. Yaani mnaikimbia klachi, halafu mguu wa bandia unakabidhiwa breki! Pandeni mwone wenyewe kabla ya kulipa.

Sasa MF 375. Nyingi zina klachi ya hatua mbili kwenye pedali moja. Ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama, ukizamisha hadi chini PTO nayo inasimama. Mguu wenye nyama unaihisi ile nusu. Wa bandia hauhisi. Nguvu ya kukanyaga ipo, inatoka pajani, lakini dereva hajui amefika wapi. Matokeo ni mawili. Kwanza, anataka kusimamisha trekta tu, anazima na PTO. Pili, na hili ndilo linalokula pesa, unyayo wa bandia unabaki umeegemea pedali bila yeye kujua. Beringi ya klachi inazunguka muda wote, klachi pleti inateleza, inaungua. Kuibadilisha si kazi ya kulala chini na spana: trekta linagawanywa vipande viwili katikati.

Kupima uzito wa pedali: zima injini, weka gia huru, vuta breki ya mkono. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, funga kamba kwenye pedali, mtu avute kufuata njia ile ile pedali inavyokwenda. Soma namba pale inapokuwa nzito kuliko kote. Mimi ikipita kilo 20 simpi mtu wa mguu wa bandia kwa kazi ya trela, labda kuwe na klachi ya mkono.

Na ndiyo, ya mkono inatengenezwa. Fundi wa Katwe, kule Kampala kwa mafundi wa vyuma, akichomelea bomba kwenye mkono wa pedali likapanda hadi usawa wa usukani, kazi imekwisha.

Oili15W40
Fundi, kwa mengi uko sawa, ila hapo kwenye kuchomelea nakukatalia. Mikono mingi ya pedali ni chuma cha kusubu. Ukikichomelea bila kukipasha moto vizuri kinapata ufa pembeni mwa mshono, na siku ya kukatika ni siku trekta liko kwenye mteremko na trela nyuma. Ibane kwa bolti: sahani mbili za chuma cha milimita 8, moja kila upande wa mkono wa pedali, bolti mbili za M12 zenye alama 8.8 na nati za kujifunga. Bomba liwe nene, lile jembamba la viti vya plastiki linapinda.

Hesabu ya leva ni hii. Kama kutoka kwenye ekseli ya pedali hadi kanyagio ni sentimita 35, na leva yako kutoka hapo hapo hadi mkononi ni sentimita 70, pedali ya kilo 26 inakuwa kilo 13 mkononi. Lakini pedali ikitembea sentimita 15, mkono utatembea 30. Pima kama nafasi hiyo ipo kabla leva haijagonga usukani au dashibodi.

Halafu vitu vitatu ambavyo mafundi husahau:

- Uzito wa leva yenyewe unaivuta pedali mbele, unarudi kule kule kwa beringi inayozunguka bure. Ongeza springi ya kuirudisha, kisha rekebisha upya uchezaji wa pedali (ile safari tupu kabla klachi haijashika) kwa kipimo cha kitabu cha trekta hilo.
- Weka kizuizi cha kujikunja kwenye nusu ya safari, ili mkono ujue "hapa magurudumu, zaidi ya hapa PTO".
- Leva inakaa upande wa kushoto, na kushoto ndiko mlango. Iwe inachomoka kwa pini, la sivyo anaruka kiunzi kila akishuka.

Usukani ubaki kwa mkono wa kulia, kwa hiyo fungeni kirungu cha kushikia kwenye usukani, na pawa stering ni lazima. Kubadili gia mkono wa kulia unaachia usukani, basi trekta lisimame kabisa kwanza, mguu wa kulia kwenye breki. Barabarani zile pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya kulia, zifungwe pamoja kwa komeo lake.

Kuhusu lile la bei: leva ya haidroliki ndiyo inayomfaa zaidi huyu dereva. Mbele na nyuma anabadilisha kwa vidole vya kushoto, klachi haikanyagwi. John Deere za 5E huja nayo kama chaguo, si zote, kwa hiyo angalia trekta lenyewe, picha ya tangazo isikudanganye. Klachi bado ipo ya kubadili kundi la gia, na mengi hayakubali kuwaka mpaka pedali ikanyagwe. Hiyo inavumilika. Udhaifu wake ni oili: ndani kuna klachi ndogo zinazofanya kazi ndani ya mafuta, na filta ikichelewa au ikiwekwa oili ya kubahatisha zinaungua. Kabla ya kununua uliza filta iko stoo ya Kampala leo, au ni ya kuagizwa.

Nyasi_Nwoya
Mmesahau kupanda na kushuka. Siku ya kunasa na kunasua vyombo dereva anashuka hata mara ishirini. Trekta lenye leva za gia katikati ya miguu linamlazimu kuupitisha mguu wa bandia juu yake. Lenye sakafu bapa na leva pembeni ni bora zaidi. Ongezeni ngazi ya chini, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, iningʼinie kwa mkanda wa mpira au mnyororo, maana ya chuma kigumu itang'olewa na kisiki cha kwanza. Kupanda mguu mzima utangulie, kushuka wa bandia utangulie, uso ukiangalia trekta siku zote.

Tao la chuma nyuma ya siti liwepo, na mkanda ufungwe. Matrekta yaliyotumika mengi yamekatwa tao hilo. Lisipokuwepo, mkanda nao usifungwe. Siti iwe ya springi inayopangwa kwa kilo za dereva, hapo mgongo utapumua.

Shamba_Bweyale
Asanteni sana. Tumepima leo: lile la zamani kilo 29, la leva ya haidroliki kilo 12. Karatasi ya wiki imetoka saa 31 za plau na haro, saa 17 za trela na kupukuchua. Filta muuzaji anasema ipo, anatuma picha kesho.

Oili15W40
Kwenye hiyo picha namba ya filta isomeke, uilinganishe na kitabu.

Fundi_Masindi
Na la kuchomelea nimekubali, mzee. Bolti.