MJADALA: Ahadi za tabianchi za mataifa tajiri, sisi wa Tanga tunafaidi nini?

Nahodha_Pangani: Wadau, 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kusaidia nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020. Mwaka ukafika, hela zilikuwa hazijatimia. Mkutano wa Baku 2024 wakaja na bilioni 300, eti kufikia 2035. Tuendelee kukaa nao meza moja? Tazameni Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti, leo fungu la mchanga, maji yakijaa linazama lote. Kasa akitaga, mayai yanahamishiwa Ushongo, la sivyo bahari inayachukua.

Mgosi_Makorora: Maziwe msiwasingizie Wazungu. Mivinje mlikata wenyewe watu wa Pangani.

Nahodha_Pangani: "Mlikata"? Nani, mimi? Marehemu babu yangu alivua pale maisha yake yote na hakuwahi kushika shoka. Mgosi, chunga kauli.

BintiSahare: Kaka zangu, mada ni ahadi. Dubai 2023 si walianzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi?

Mwl_Mstaafu: Mwanangu, mfuko ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, Dubai ndiko ulikozinduliwa. Kukaa mezani ndiko kulikouleta, tusisuse.

Chongoleani_Damu: Meza gani, mwalimu? Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kupinga bomba letu la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka hapa kwetu. Wao mafuta ya Bahari ya Kaskazini wamechimba miaka na miaka. Vijana wetu wakipata ajira ndiyo dunia inaungua?

BintiSahare: Na mafuta yakimwagika, ajira ya mvuvi utairudisha wewe? Hapo nje kuna matumbawe na silikanti, yule samaki adimu wa kale, ndiyo maana tuna hifadhi ya bahari tangu 2009.

Mgosi_Makorora: Matumbawe yalishapigwa baruti zamani, dada. Tena na wavuvi hawahawa wanaolilia kisiwa.

Nahodha_Pangani: Umerudi tena! Sijawahi kurusha baruti, na niliowajua niliwaripoti.

Mwl_Mstaafu: Mgosi, kosa la mwenye shoka halimfutii deni mwenye kiwanda. Mivinje inashika mchanga, sawa, lakini haizuii bahari kupanda. Na mikoko je? Boriti zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba kwa karne nyingi. Aliyekata alikuwa wa hapa, mnunuzi alikuwa ng'ambo.

Mgosi_Makorora: Kwa hiyo Waarabu nao walipe?

Nahodha_Pangani: Kwanza uniombe radhi kwa ajili ya babu yangu, halafu tuendelee.