Alama 64 za hapa kwetu ni ngapi huko ng'ambo, na je, bado nikimbizane na daraja la kwanza?

Binti wa Nyalenda, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja cha umma huku magharibi mwa Kenya. Nasomea takwimu, na wastani wangu wa miaka mitatu iliyopita ni 64. Hapa nyumbani wastani huo unaniweka katika daraja la pili la juu na sijawahi kuuonea haya. Shida ilianza nilipofungua fomu za maombi ya shahada ya uzamili. Chuo kimoja cha Marekani kinanitaka niandike wastani wangu kwa mizani ya 4.0, nami nilipogawanya 64 kwa 25 nikapata 2.56, ilhali wao wanataka angalau 3.0. Chuo cha Ujerumani kinataka 2.5, nikafurahi kidogo, hadi nilipoelewa kwamba kule 1.0 ndiyo alama bora kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Binamu yangu aliye Makerere naye ananiambia ana 4.1, lakini yake ni kati ya 5.

Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri ya kufikisha 70 kabla ya kuhitimu. Mitihani ya muhula imekaribia. Nakesha nikidurusu, na mchana wake nakaa kwenye mhadhara bila kusikia chochote. Naomba mnieleze alama zetu hubadilishwa vipi, na kama kulikimbilia daraja la kwanza katika mwaka wa mwisho kuna maana. Jambo jingine, ingawa huenda mahali pake si hapa, ni kwamba yuniti moja ya mwaka wa pili bado haina alama kwenye matokeo yangu, japo mtihani wake niliufanya.

Mhadhiri wa Nakuru

Pole kwa kukesha, binti yangu. Kwanza acha kugawanya kwa 25, kwa sababu hesabu hiyo inachukulia kwamba alama 90 hapa kwetu hutolewa kwa urahisi uleule zinavyotolewa Marekani, jambo ambalo si kweli. Mfumo wetu tuliurithi kutoka Uingereza: daraja la kwanza huanzia 70, la pili la juu 60, la pili la chini 50, na katika shahada nyingi anayepata 40 amefaulu. Katika vyuo vingi vya Marekani A huanzia karibu na 90, na mwanafunzi mwenye 64 yuko kwenye D. Kwa hiyo msahihishaji wa huku akiona kazi nzuri sana ataipa 72 na kulala usingizi wake, na mwenzake wa kule akiipa kazi hiyohiyo 72 mwanafunzi atakuja ofisini kulalamika. Anayesoma maombi yako analijua hilo. Majedwali yanayotumika kutafsiri alama za mtindo wa Uingereza hayakuweki karibu na 2.56, kwa kawaida anayezidi 60 huwekwa kwenye B, yaani 3.0, au juu ya hapo. Vyuo vingi vya Marekani hata huwaomba waombaji wa kigeni waandike alama kama zilivyo kwenye hati zao, au huwaelekeza kwa mashirika ya kutathmini hati. Soma maelezo ya fomu upya, na fomu ikikulazimisha kuweka namba, waandikie ofisi ya udahili uwaulize kabla ya kubuni yako.

Kuhusu ile nadhiri, wewe ni mwanatakwimu, kwa hiyo tufanye hesabu. Ikiwa miaka yote minne ina uzito sawa katika programu yenu, miaka mitatu kwa 64 inakupa jumla ya 192. Ili wastani wa miaka minne uwe 70 unahitaji jumla ya 280, maana yake mwaka huu upate wastani wa 88. Sasa igeuze hesabu hiyo. Ili uanguke chini ya 60 na kupoteza daraja la pili la juu, itabidi wastani wako wa mwaka huu uwe chini ya 48. Nimefundisha muda mrefu na sijaona mwanafunzi wa 64 akiporomoka hadi hapo kwa sababu ya kulala usiku. Wanaoporomoka ni wale wanaofika ukumbini wakiwa hawajalala.

Mtakwimu wa Bungoma

Kwa heshima zote, Daktari, sikubaliani nawe kabisa. Kazi ya insha ndiyo hupewa 72 na watu wakapongezana. Katika takwimu na hisabati jibu likiwa sahihi ni sahihi, na 85 au 90 huonekana kila mwaka kwenye ubao wa matangazo. Isitoshe, hapa Kenya daraja lina bei yake: baadhi ya matangazo ya nafasi za kufundisha vyuoni na ya ufadhili hutaja daraja la kwanza, na mwenye la pili huenda asifikiriwe. Kumwambia mtu apumzike ni rahisi kwa aliyekwisha kuajiriwa. Mimi ningemshauri achague yuniti tatu au nne anazozimudu vizuri na kuzisukuma hadi juu, bila kuziua nyingine.

Mhadhiri wa Nakuru

Ni kweli kuhusu hisabati, na ushauri wako wa mwisho naukubali. Ila yuniti moja kwenye 90 ni jambo moja, na yuniti zote za mwaka kwenye 88 ni jambo jingine, hasa kwa mtu ambaye kwa miaka mitatu hajawahi kukaribia hapo. Katika vyuo vyetu vingi majaribio ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Kama majaribio ya muhula huu yamekwisha na alipata 20 kati ya 30, hata akipata zote 70 za mtihani atafika 90 na si zaidi. Azitazame alama hizo kwanza kabla ya kuamua yuniti ipi inastahili usiku wake.

Mwana wa Kakamega, sasa Ujerumani

Dada, nilipita njia hiyohiyo, nami nitakueleza upande wa Ujerumani kwa sababu ndiko mambo yanakofanywa kwa kanuni iliyo wazi. Kuna asasi iitwayo uni-assist inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi, na hutumia kanuni inayojulikana kama ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, unatoa alama uliyopata, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unaongeza 1. Kwako wewe: 100 ukitoa 64 ni 36, 100 ukitoa 40 ni 60, 36 kwa 60 ni 0.6, mara 3 ni 1.8, jumlisha 1 upate 2.8.

Sasa angalia mahali ambapo wengi wetu huumia. Mwombaji ambaye hati yake haionyeshi alama ya kufaulu anaweza kuhesabiwa kana kwamba ni 50, na hapo 64 ileile inakuwa takriban 3.2. Hakikisha kwamba ufafanuzi wa alama uko kwenye hati yako, mara nyingi nyuma ya karatasi, na kwamba umeuskani pamoja na matokeo yenyewe. Nimewaona wenzangu wakituma upande mmoja tu.

Na niwe mkweli, kanuni hii haitupendelei. Ukiweka 70 unapata 2.5 kamili, yaani mtu wa daraja la kwanza kutoka Maseno au Egerton anaufikia mlango wa programu nyingi za hapa kwa kuugusa tu, kwa sababu kanuni inadhani kwamba kuna mtu kwetu hupata 100. Kwa wewe mwenye 2.8, hata ukijitesa mwaka mzima ukapata wastani wa 76, jumla yako itakuwa 67 na namba yako itakuwa 2.65, bado nje ya 2.5. Kwa hiyo ushindani wako hauko kwenye usiku wa leo. Uko kwenye uteuzi wa programu: zipo zisizoweka kikomo cha 2.5, zipo zinazotazama ni yuniti ngapi za hisabati ulizosoma, na zipo zinazompa uzito mwenye uzoefu wa kazi. Usiogope nchi nyingine pia. Ufaransa wanasahihisha kwa 20, aliyepata 10 amefaulu na mwenye 16 anahesabiwa kuwa bora sana; Uholanzi wanatumia 10, na 9 huonekana kwa nadra. Huko kote hawaoni ajabu kwamba alama ya juu kabisa haipewi mtu.

Usiidharau ile yuniti isiyo na alama. Hati yenye pengo inaweza kurudishwa au kukaa bila kushughulikiwa hadi tarehe ya mwisho ipite, hata kama wastani wako ni mzuri.

Binti wa Nyalenda, Kisumu

Nashukuru sana, Daktari, nawe kaka wa Kakamega. Nimetazama alama za majaribio kama nilivyoshauriwa: yuniti mbili nina 26 na 27, na hizo ndizo nitakazozisukuma. Zilizobaki nitazisoma kwa kiasi. Nadhiri ya 70 nimeifuta. Ile programu ya 2.5 nimeiondoa kwenye orodha, nikaweka mbili zisizo na kikomo hicho. Kuhusu alama iliyopotea, nimeenda idarani mara kadhaa na kila mara naambiwa nirudi wiki ijayo, kwa kuwa aliyefundisha yuniti hiyo alihamia chuo kingine. Nifanye nini?

Mhadhiri wa Nakuru

Acha kwenda kwa mdomo. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo, ukitaja jina la yuniti, muhula, tarehe ya mtihani na ukumbi. Ambatisha nakala ya kadi yako ya mtihani ya muhula huo na alama za majaribio kama unazo. Omba wakague karatasi ya mahudhurio uliyotia sahihi ukumbini, kwa maana hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwepo, nayo hubaki chuoni hata mhadhiri akiondoka. Hakikisha nakala yako ya barua imegongwa muhuri wa kupokewa. Ifanye wiki hii, kabla ya mitihani kuanza, kwa sababu wakishaanza kusahihisha hakuna atakayefungua kabati la mwaka wa pili kwa ajili yako.